Bima Isipolipa Hospitali, Mama Afanye Nini?

Mama anafika hospitalini na mtoto mgonjwa. Michango ya bima amelipa, lakini anaambiwa, "Bima haijatulipa, leta pesa taslimu." Leo tuelewe shida hii.

Hospitali na bima hufunga mkataba. Hospitali hutibu kwanza, kisha hutuma madai ili ilipwe. Malipo yakichelewa, dawa, glavu na mishahara hukosekana. Februari 2025, muungano wa hospitali za kibinafsi, RUPHA, ulitangaza kusimamisha matibabu ya SHA kwa mkopo kwa sababu ya madeni, mengine yakiwa ya NHIF, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na SHA Oktoba 2024.

Je, hospitali ina njia gani za kisheria?

Kwanza, huandika barua ya kudai deni na kutoa notisi kulingana na mkataba.

Pili, hushtaki kwa msimamizi. Kampuni ya bima hushtakiwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kuhusu SHA, sheria ya mwaka 2023 iliweka baraza la kusuluhisha mizozo.

Tatu, huenda kortini kudai deni, riba na gharama. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kusikizwa na Mahakama ya Madai Madogo.

Sasa wewe mama, kumbuka kwamba huo ni ugomvi wa hospitali na bima. Mtoto wako si rehani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Degedege, kupumua kwa shida, au kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni dharura. Usirudi nyumbani kutafuta pesa kwanza. Na mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, Mahakama Kuu ilisema kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria.

Yako ya kufanya ni haya:
- Hakikisha usajili wako wa SHA kwa kubonyeza *147#.
- Weka risiti zote.
- Usiweke sahihi wala kidole kwa huduma ambayo hukupata. Madai ya uongo huipa bima sababu ya kukataa kulipa.
- Ukiombwa pesa taslimu, uliza sababu, kisha mwone msimamizi wa hospitali.

Mwambie na jirani yako.