Hoteli za kifahari: India yafufua majumba yake ya zamani, Likasi yaweza kujifunza nini?

Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi ni barabara ya malori, shaba na kobalti. Pamoja na malori hayo huja wageni: wahandisi, wanunuzi wa madini, watu wa benki, mawakili. Wote wanatafuta mahali pa kulala, na hoteli mpya zinazidi kujengwa kando ya njia. Nyingi zinafanana. Mbele kuna vioo vya rangi ya buluu, ndani kuna vigae vinavyong'aa na viti vikubwa vya ngozi bandia, na juu ya mlango kuna jina lenye neno "Palace" au "Royal". Mgeni akiamka asubuhi, haoni kitu chumbani cha kumwambia kwamba yuko Katanga.

Likasi, mji ulioko njiani humo, karibu kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, bado unaweza kuchagua njia yake. Na katika jambo hili kuna nchi moja yenye mengi ya kufundisha, nchi ambayo Wakongo wengi wanaijua kwa sababu ya matibabu na biashara: India.

Mji uliozaliwa na madini

Likasi ni mtoto wa shaba. Enzi za Wabelgiji, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilijenga viwanda huko Panda na Shituru, na mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966.

Kutoka nyakati hizo mji ulirithi avenyu pana zenye mijakaranda, ambayo huchanua zambarau mvua inapokaribia. Ulirithi pia majumba ya mtindo unaoitwa Art Deco na yale yaliyofuata: mistari iliyonyooka, pembe za mviringo, barza ndefu za kukinga jua, na kuta zenye matundu ya kupitisha hewa. Baadhi yanatunzwa. Mengine rangi imebanduka, mabati yametoboka, na miti midogo inaota juu ya paa.

Si kila mtu anayaonea huruma. Katikati ya mji palikuwa pa Wazungu. Wafanyakazi weusi waliishi katika kambi za kampuni na katika mtaa wa Kikula. Kuna wazee wanaokumbuka majengo ambayo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma tu, akiwa na ndoo au sinia mkononi. Lakini matofali ya majengo hayo yalipangwa na mafundi weusi, na shaba iliyoyalipia ilichimbwa na watu weusi. Kuyaacha yaanguke hakumwadhibu mkoloni, aliyekwisha ondoka. Anayepoteza ni mwenye mji.

India iliamua nini

Wahindi nao walikutana na swali hilo. Hoteli yao mashuhuri kuliko zote, Taj Mahal Palace ya Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai, ilifunguliwa mwaka wa 1903 na mfanyabiashara Jamsetji Tata. Watu wanapenda kusimulia kwamba aliijenga baada ya kukataliwa katika hoteli ya Wazungu. Si wanahistoria wote wanaokubali simulizi hiyo, lakini inaonyesha jinsi Wahindi wenyewe walivyoielewa hoteli hiyo: kama dai la heshima.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 1971. Serikali ya India ilifuta malipo ambayo wafalme wa zamani walikuwa wakipewa tangu uhuru. Familia hizo zikabaki na majumba ya vyumba mamia, bila pesa ya kurekebisha hata paa. Kulikuwa na njia tatu: kuuza, kuacha yaoze, au kufungulia wageni. Wachache walikuwa wameanza mapema, kama jumba la Rambagh mjini Jaipur, lililogeuzwa hoteli mwaka wa 1957. Baada ya 1971 wengi walifuata.

Mfano unaoikaribia Likasi zaidi ni Umaid Bhawan, katika mji wa Jodhpur. Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1929 na kumalizika 1943. Ukame ulikuwa umeleta njaa, na mfalme Umaid Singh akaanzisha kazi hiyo ili maelfu ya watu wapate mshahara. Jumba lina vyumba zaidi ya 340, na mtindo wake ni Art Deco, ule ule uliokuwa ukienea Katanga miaka hiyo hiyo. Leo limegawanywa mara tatu: sehemu moja wanaishi wazao wa mfalme, nyingine ni makumbusho, na ya tatu ni hoteli inayoendeshwa na kampuni ya Taj. Kwa hiyo hata mtu asiyeweza kulipa chumba anaweza kuingia na kuona.

Kazi ya namna hii haiendi haraka. Jumba la Falaknuma mjini Hyderabad lilifanyiwa matengenezo kwa muda wa miaka kumi hivi kabla ya kupokea wageni mwaka wa 2010.

Hoteli mpya, ujuzi wa zamani

Majumba ya wafalme yana mwisho, kwa hiyo kampuni zilianza kujenga mapya. Kampuni ya Oberoi ilifungua Rajvilas mjini Jaipur mwaka wa 1997, kisha Udaivilas mjini Udaipur mwaka wa 2002. Zote mbili zilijengwa kutoka chini, lakini kwa mikono ya mafundi wanaojua kuchonga mawe na kupaka chokaa inayosuguliwa mpaka ing'ae. Mpangilio wake hauonyeshi kila kitu mara moja. Mgeni anapita lango, anaingia uani, anasikia maji, anapita lango jingine, ndipo anafika mapokezi. Anatua mzigo wa safari kidogo kidogo, hatua kwa hatua.

Jibu jingine lilitoka Jodhpur mwaka wa 2009, katika hoteli ndogo ya RAAS, chini ya ngome kubwa ya Mehrangarh. Wenyewe hawakuiga jumba la mfalme. Walitengeneza nyumba za karne ya 18 zilizokuwapo, kisha wakajenga mpya kando yake, nyumba za kawaida zisizo na kuba wala minara. Mbele ya vyumba waliweka viwambo vya mawe mekundu yaliyotobolewa, ambavyo mgeni anafungua na kufunga mwenyewe. Wahindi wanaviita jali. Vinakata jua, vinapitisha upepo, na vinamsitiri aliye ndani. Ni ujuzi wa zama za kabla ya mashine za kupoza hewa.

Hapo ndipo somo lilipo kwa mjenzi wa Likasi. Zile kuta zenye matundu na zile barza za mjini mwake hufanya kazi ile ile. Jengo la vioo linalotazama jua la Oktoba linageuka tanuru, na umeme wa SNEL ukikatika, mwenye hoteli anawasha jenereta na kununua mazuta usiku kucha. Mji umezungukwa na mabwawa ya Mto Lufira, na Mwadingusha linatoa umeme tangu mwaka wa 1930, lakini mteja wa kawaida anajua giza ni nini. Jengo linalojipoza lenyewe ni pesa inayobaki mfukoni.

Upande wa pili wa anasa

Si kila kitu cha India kinafaa kuigwa. Udaipur ni mji wa ziwa, na hoteli yake maarufu, Lake Palace, inasimama katikati ya maji ya Pichola. Miaka ya ukame mkali ziwa hilo limekauka hadi watu wakatembea palipokuwa na mashua. Mahali ambapo raia anapanga foleni na ndoo, bustani na mabwawa ya kuogelea ya hoteli huleta maswali.

Bei nayo ni suala. Katika majumba hayo usiku mmoja ni mamia ya dola, na msimu wa wageni wengi hupita dola elfu moja. Fundi aliyechonga ukuta hawezi kulala chini yake.

Tena kuna hatari ya kugeuza historia kuwa mchezo wa kuigiza. Kwa muda wa siku mbili mgeni anauziwa ndoto ya kuwa mfalme, na hakuna anayemtajia wakulima waliolipa kodi ili mfalme apate kuba. Jadotville ikiuzwa kwa njia hiyo, kwa picha za Wabelgiji wenye kofia nyeupe wakinywa bia barzani, itakuwa tusi kwa watu wa Kikula na Panda.

Mifano ya karibu

Hakuna haja ya kwenda mbali ili kuona chaguzi hizi. Ng'ambo ya mpaka, mjini Lusaka, hoteli ya Pamodzi inaendeshwa na Taj, kampuni ile ile iliyoanzia Bombay. Zanzibar, hoteli ya Park Hyatt ilifunguliwa mwaka wa 2015 katika nyumba ya kale ya Mambo Msiige huko Mji Mkongwe. Nyumba ilipona, lakini jengo jipya lililowekwa kando yake lilizua mvutano na UNESCO, ambayo iliona ni kubwa mno kwa mji wa urithi wa dunia.

Ndani ya nchi, Mikeno Lodge ya Rumangabo, katika hifadhi ya Virunga, ilijengwa kwa mawe ya volkano ya pale pale na paa za nyasi. Lubumbashi, Park Hotel, iliyoitwa zamani Léopold II, ingali inasimama katikati ya mji, na Karavia ya miaka ya 1970, kando ya ziwa, ilitengenezwa upya na kurudi kazini. Basi Katanga pia jengo la zamani linaweza kuingiza pesa.

Likasi ina nini mkononi

Vifaa vipo. Kuna shaba, na kuna malakiti, jiwe la kijani ambalo mafundi wa Katanga wanalichonga kuwa mapambo. Kuna matofali ya udongo wa vichuguu. Kuna alama ambayo hakuna India wala China inayoweza kuidai: msalaba wa shaba, uliotumika kama fedha katika nchi hii karne nyingi kabla ya Union Minière. Jikoni kuna bukari, sombe, samaki wa Ziwa Tshangalele, uyoga wa msimu wa mvua na vinkubala. Hoteli inayomletea mgeni viazi vya kukaanga vya barafu na kuku kutoka ng'ambo inamnyima kile alichosafiri kukionja.

Na kuna sababu ya mgeni kukaa siku mbili badala ya moja. Uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na mji, ilitumika kwa mabomu ya mwaka wa 1945. Hapa Jadotville, Septemba 1961, wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa na askari wa Katanga, kisa ambacho filamu ya mwaka wa 2016 ilikitangaza duniani. Maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, yana urefu wa zaidi ya mita 300.

Kinachoweza kukosekana upesi ni mikono. Gécamines ilifundisha vizazi vya wachomeleaji, maseremala, waashi na mafundi umeme. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi walizeeka, wengine wamefariki. India iliweza kujenga Rajvilas kwa sababu mtoto wa mchonga mawe alikuwa bado anachonga mawe. Likasi ikingoja miaka ishirini zaidi, majengo yanaweza kuwapo bila mtu anayejua kuyatengeneza.

Kuhusu sheria, Kongo ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu Machi 1971, inayoruhusu jengo kuorodheshwa ili lisibomolewe ovyo. Kuhusu pesa, sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inatenga asilimia 15 ya ushuru wa mrabaha kwa miji, komini na maeneo yanayochimbwa. Pesa hiyo si ya kujengea matajiri vyumba vya kulala. Lakini inaweza kulipia orodha ya majengo yanayostahili kulindwa, na karakana ambamo fundi mzee anamfundisha kijana. Hoteli yenyewe aijenge mwenye mtaji, kwa sharti kwamba atanunua milango, taa na chakula Likasi, na kwamba raia ataweza kuingia barzani akanywa chai bila kuulizwa anatafuta nani.

Anayebomoa jumba la zamani la Likasi hahitaji zaidi ya wiki moja na mashine moja. Baada ya hapo atajenga vioo vya buluu, na mji utakuwa na hoteli kama zile ambazo Kolwezi tayari inazo kwa wingi.