Maua Mafupi kwa Uwanja wa Jua Kali

Mkulima, simama mlangoni pako saa nane ya mchana mwezi wa Februari, utazame uwanja wako wa mbele. Umefagiliwa ukawa mweupe hata unaumiza macho. Mvua kubwa ya Mei ikija, maji yatauchukua mchanga ule kidogo kidogo mpaka msingi wa nyumba uonekane. Basi maua ya hapo si pambo tu, hushika udongo. Lakini yasiwe maua ya kunywa maji ya watoto.

Mimi nilikosea hapo. Nilipohamia Kisauni nilipanda chini ya dirisha maua marefu ya majani mapana, nayo yalitaka ndoo mbili kila jioni, hali maji tukinunua kwa madumu. Bibi yangu akaniuliza, "Baba watoto, leo tuoge au maua yanywe?" Nikayang'oa.

Siku hizi nina aina mbili. Ya kwanza ni vinka, ua la petali tano, jeupe au la waridi, ambalo asili yake ni Bukini. Hufika magotini tu, na huchanua karibu mwaka mzima. Chuma maganda yaliyokauka, ufukie mbegu kidogo, kwani hupenda giza ili ziote. Miche ikiwa na majani sita, ihamishe jioni, futi moja kati ya mche na mche. Ikishashika, imwagilie mara moja moja. Maji mengi huozesha mizizi, na hili liwahusu hasa watu wa Changamwe wenye udongo mzito: inueni tuta kwanza, na msipande kabla mvua kubwa haijapungua. Wa Likoni kwenye mchanga wapande Aprili bila hofu.

Ila sikiliza vizuri. Vinka ni sumu ikiliwa. Ni kweli kwamba viwandani hutolewa humo dawa za saratani ya damu, ambazo hospitali huwapa hata watoto, lakini kwa kipimo cha daktari. Usichemshe majani yake nyumbani kwa ugonjwa wo wote, hata jirani akikusifia namna gani. Wakataze watoto kuyatafuna, wala usiwatupie mbuzi matawi uliyoyakata.

Aina ya pili ni potulaka, kutoka Amerika ya Kusini. Hutambaa chini, majani yake manene huweka maji, na maua yake hufunguka kwa jua na kujifunga alasiri. Hakuna haja ya mbegu. Omba jirani kipande cha urefu wa kidole, kichomeke mchangani penye unyevu, shubiri moja moja. Ipande ukingoni mwa njia ya kuingilia, mahali maji ya paa yasipoangukia. Usiipande kivulini, kwani haitachanua. Ikirefuka na kupungua maua, ikate nusu. Vile vipande ulivyokata vitatosha kujaza upande wa pili wa njia.