Kigumba Kipi Kinamfaa Kanga? Vinara wa Mishale ya Uwanda wa Kati

Kanga wa porini ana kilo 1 na ushei tu. Pundamilia anapita kilo 200. Mwindaji wa Kihadzabe anayeondoka kambini alfajiri, bonde la Yaeda, hajui siku itamletea yupi. Ndiyo maana hashiki mshale wa aina moja. Pamoja na upinde hubeba fungu zima: mingine ni mti mtupu, mingine ina bapa la chuma, mingine imepakwa sumu. Kanga wakilia kichakani, mkono wake unajua uchomoe upi.

Mkono huo umesoma shule ndefu. Uwanda wa kati, kuanzia Kondoa na Chemba mkoani Dodoma, kupitia Singida hadi ukingoni mwa Ziwa Eyasi, una elimu pana ya kigumba, yaani ncha ya mshale ambayo wengine huiita chembe. Tumewapanga hapa vinara wake na kuwaweka kando ya wenzao wa ng'ambo, ili tujibu swali moja: ukimlenga ndege, uchague kigumba gani?

Vikongwe kuliko vyote uwandani: vijiwe vya Mumba

Karibu na Ziwa Eyasi kuna pango la mwamba liitwalo Mumba. Wajerumani Ludwig na Margit Kohl-Larsen walilichimba miaka ya 1930, na watafiti wengine wakarudi baadaye. Miongoni mwa yaliyotoka humo ni vipande vidogo vya mawe vyenye umbo la mwezi mwandamo: upande mmoja makali, upande wa pili umegongwa kwa makusudi ukawa butu, ili uweze kushikishwa kwenye mti. Tabaka lake linakadiriwa kuwa na miaka 50,000 hivi. Kama vilifungwa kwenye mkuki au kwenye mshale, wataalamu bado wanajadiliana, lakini wazo la kuutenga mti na makali lilikuwa limekwisha kuzaliwa. Kwa ushahidi wa upinde wenyewe, pango la Sibudu huko Afrika Kusini limetoa ncha zinazozidi miaka 60,000.

Ukumbi mkubwa kuliko wote: miamba ya Kondoa

Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa lina kilomita za mraba 2,336, na liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili picha za Kolo, Kisese na vijiji jirani: twiga, tembo, swala, na watu warefu wembamba. Kusini magharibi mwake wanaishi Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kubofya kama ile ya Wahadzabe, na ambao waliishi kwa upinde kabla ya jembe na ng'ombe kushika nafasi. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa Dodoma wanaujali mshale, aanzie Kolo.

Kikali kuliko vyote: kigumba cha sumu

Wahadzabe wana sumu mbili mashuhuri. Panjube hutokana na utomvu wa mmea wenye maua ya waridi na shina nene, ambao watu wa mijini huupanda kwenye vyungu vya mapambo. Shanjo hutokana na mbegu za mmea uitwao kitaalamu Strophanthus eminii. Sumu hizi huvuruga mapigo ya moyo. Hupakwa chini ya ncha ya chuma, kisha huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili zisikauke na zisimdhuru mwenye mshale. Kigumba chenyewe kina meno yanayoelekea nyuma, kisichomoke mnyama akikimbia. Nyama huliwa bila madhara, baada ya kukata sehemu ya jeraha, kwa sababu sumu ya aina hii haipenyi kwa urahisi kupitia tumboni.

Nguvu ya ukoo wa Strophanthus ilimgusa hata John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Akiwa na Livingstone kwenye safari ya Zambezi, aliuona mswaki wake, uliochanganyika na sumu ya mishale mfukoni, ukimshusha mapigo ya moyo. Kutokana na sampuli za sumu hiyo, Thomas Fraser wa Edinburgh alipata dawa ya moyo.

Kwa kanga, hata hivyo, sumu ni hasara. Kuipika ni kazi ya muda mrefu, na ndege wa kilo moja hahitaji kuuawa mara mbili.

Chenye thamani kuliko vyote: chuma cha Wadatoga

Mwindaji anaweza kuponda msumari kwa jiwe, bila moto, hadi upate ncha. Akitaka bapa zuri, huenda kwa mhunzi wa kabila jirani la Wadatoga, ambaye huchochea mkaa kwa mivukuto na kugeuza vyuma chakavu kuwa vigumba. Malipo ya zamani ni asali au ngozi. Bapa hilo pana hufungua jeraha linalotoa damu nyingi, na linawafaa swala na ngiri. Ukilirusha juu ya mti kwa ajili ya ndege ukakosa, umepoteza asali ya siku nzima.

Kipana kuliko vyote: kigumba cha bata mzinga

Huko Marekani ndege wa porini anayewindwa kwa heshima kubwa ni bata mzinga, ambaye dume lake hufika kilo 10 na zaidi. Wengine humwinda kwa upinde wa mtambo, ule unaoshikwa kama bunduki na kufyatuliwa kwa kidole. Watengenezaji hutaja mishale inayofikia futi 500 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 150.

Kwa ndege huyo kuna njia mbili. Moja ni kigumba cha kukunjua: nyembe zake hulala zikiruka, zikigusa mwili hufunguka hadi sentimita 5 au zaidi. Nyingine ni kigumba chenye nyembe zilizotandazwa kama msalaba, kinachokaribia sentimita 10, kilichotengenezwa kukata shingo: kikipata, ndege anakufa papo hapo, na kikikosa, kinakosa kabisa. Tatizo ni mwendo. Nyembe pana zilizo wazi hushika upepo kama bawa, na mshale wenye kasi ya upinde wa mtambo huyumba. Zile za kukunjua nazo zinaweza kufunguka mapema kwa kishindo cha kufyatuliwa, ndiyo maana huuzwa zenye kishikizo kigumu kwa ajili ya pinde hizo. Kasi kubwa inahitaji kigumba kinachoivumilia.

Chembamba kuliko vyote: mshale wa Wafang

Afrika nayo ina upinde wake wa mtambo. Wafang wa Gabon na jirani zake waliutengeneza kwa mti, wakautumia kuwarushia nyani na ndege wa msituni vijiti vyembamba vya sumu visivyo na chuma. Mtambo mzito, mshale kama njiti, na sumu ikifanya kazi iliyobaki. Ni kinyume kabisa cha Mmarekani, na vyote viwili ni sahihi kwao.

Ndege mzito kuliko wote, na ndege mwenye jina kuliko wote

Uwandani kwetu mbuni ndiye mkubwa, lakini haruki. Kati ya wanaoruka, tandawala mkubwa ndiye mzito: dume huweza kupita kilo 15, na yumo miongoni mwa ndege warukao wazito kuliko wote duniani. Lakini kwa jina hakuna wa kumfikia kanga. Wagiriki wa kale walimwita meleagris, na wanasayansi walipompa bata mzinga jina la jenasi, wakampa hilo hilo, kwa kuwa Wazungu walikuwa wamewachanganya ndege hao wawili. Kwa hiyo anayewinda bata mzinga Kentucky, kwa jina la kitaalamu, anamtaja ndugu wa kanga wa Dodoma. Kanga naye ana tabia inayolitatua swali letu: akishtuka hupendelea kukimbia kuliko kuruka, na jioni hupanda mtini kulala.

Mwanafunzi mdogo kuliko wote

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde wake akiwa na miaka kama mitatu. Mawindo ya mwanzo ni ndege na wanyama wadogo, na mishale ni ya mti mtupu, mingine ikiwa na gunzi la mhindi mwishoni ili imshtue ndege bila kumchana. Shule yao haina cheti. Serikali ilipowapa Wahadzabe wa Yaeda hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011, ilikuwa pia inalinda darasa hilo. Sisi wengine tunapowinda bado tunafungwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na leseni yake, na hilo ni haki.

Mshindi: mti uliochongwa

Kwa kanga, kinara ni kile kisicho na chuma. Kigumba chepesi cha mti humgonga na kumtoboa kwa pigo moja. Mara nyingi mshale hubaki mwilini, na kanga anayekimbia akiwa na mshale mwilini hafiki mbali kichakani. Mwindaji akikosa, anachonga mwingine kabla ya jua kuzama. Kigumba bora ni kile kinachomuua mlengwa haraka, bila kupoteza zaidi ya kinachopatikana. Kanuni hiyo ni ile ile ya Mmarekani na nyembe zake zilizotandazwa.

Kisha kanga hurudishwa kambini, akanyonyolewa. Manyoya yake mengine hukatwa na kufungwa kwenye mkia wa mshale mpya, uruke sawa. Kwa hiyo kanga wa kesho anafumwa na manyoya ya kanga wa leo.