Mama Mkwe Kanuna, Kumbe Sukari Imeshuka!

Niwe mkweli tangu mwanzo. Mume wangu aliponiambia mama yake anahamia kwetu Kinyerezi, mdomoni nilitabasamu, moyoni nikapiga hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu, mtoto mmoja, kazi Posta, foleni ya kwenda na ya kurudi, halafu mama mkwe! Tena mama mkwe mwenye kisukari, wa kuchomwa insulini asubuhi na jioni.

Mama ana miaka 71, katokea Lushoto. Ni mcheshi kweli, wiki za kwanza tulicheka mpaka machozi. Kisha yakaanza. Siku za mapumziko ninapokuwa nyumbani, ikifika saa tano asubuhi anabadilika. Anafyonza. Ukimuuliza kitu anajibu kwa mkato. Jioni hivyo hivyo, "Unanitazama nini?" Akishakula, nusu saa haipiti, mama yule yule ananiita mwanangu na kuniuliza habari za ofisini. Nikasema huyu mama ana sura mbili. Mume wangu nilipomlalamikia alikuwa na jibu moja tu: "Mzoee, wazee ndivyo walivyo." Kama umeolewa, bila shaka hiyo umeshaisikia.

Na mimi nilikuwa nimejipa uaskari wa sukari. Soda marufuku, wali marufuku, embe marufuku. Ugali wa dona tu, maana nilisikia dona haina neno. (Si kweli. Dona ni mahindi yale yale. Makapi yake yanasaidia sukari ipande taratibu zaidi, lakini wanga upo, na kiasi unachokula ndicho kinachohesabika.) Bonge lenyewe nikalipunguza mpaka likawa la mtoto wa chekechea. Kipimo cha sindano sikukigusa wala sikumuuliza daktari. Nilijiona mkwe wa mfano!

Alhamisi ile

Saa moja jioni binti wetu wa kazi alimvutia Mama dawa kama kawaida, maana macho ya Mama hayaoni tena ile mistari ya sindano. Akachomwa. Chakula kikawekwa mezani. Mama akagoma: hali mpaka mwanawe arudi. Na mwanawe yuko kwenye foleni.

Mimi niliingia saa mbili na nusu. Namkuta Mama sebuleni, feni inazunguka lakini jasho linamtiririka. "Shikamoo Mama." Hakuitika. Akaanza kunisemesha Kisambaa, kwa ukali. Mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, Kisambaa sielewi hata neno moja, nikajua hapa natukanwa. Nikageuka niende zangu chumbani kuvua viatu, mwanawe akija atajua mwenyewe cha kufanya.

Binti ndiye aliyenizuia. "Dada, bibi hajakasirika. Mwangalie mikono."

Inatetemeka. Akaleta mashine, akamtoboa kidole. 2.4! Ikiwa chini ya 4 kwa mtu anayechoma insulini, hiyo imeshuka, hakuna kusubiri. Sukari vijiko vitatu vya chai, maji nusu glasi, koroga, mpe. Lakini sukari yenyewe nilikuwa nimeificha kabati la juu kabisa, Mama asiifikie. Nilipanda kiti kuitafuta huku mikono yangu ikitetemeka kuliko yake.

Bahati yetu alikuwa bado anaweza kumeza. Angekuwa amezimia, asingepaswa kunyweshwa kitu chochote, maana kingeweza kumpalia. Hapo ni kumlaza ubavu na kumkimbiza hospitali. Tulisubiri dakika 15, tukapima: 3.6. Tukampa tena. Dakika nyingine 15: 5.1. Mama akapepesa macho, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Mama Junior, umerudi saa ngapi?"

Hakukumbuka lolote. Tulimkalisha mezani akala, mimi nimekaa pembeni nalia kimyakimya. Baba Junior aliingia saa tatu na robo akiuliza leo tumepika nini. Hapo naruka, msomaji. Majirani walisikia, inatosha.

Kliniki wiki hiyo hiyo daktari alitueleza kitu ambacho nadhani kila mwenye mzazi wa aina hii angepaswa kukijua. Insulini ile ya mchanganyiko, yenye rangi ya maziwa, huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Ukishachoma, kula si hiari tena. Ubongo unategemea sukari. Ikipungua mtu anachanganyikiwa, anakuwa mkali au anasinzia, na kwa mzee ni rahisi sana kuona ni ukorofi au uzee tu. Akapunguza dozi, akamwekea kitafunwa cha saa nne asubuhi, akasema kwa umri ule hatufukuzii namba za kijana. Kushuka ndiko kunakoua haraka. Embe likarudi, kipande kimoja.

Nilirudi nyumbani nikihesabu ile minuno ya saa tano. Mingapi ilikuwa sukari? Sidai kwamba yote. Kuhusu chapati zangu, kwa mfano, alimaanisha kabisa.

Binti naye?

Hapa wengi tunakosea. Sisi tuliajiri msichana wa kupika na kufua, halafu tukamtwika uuguzi kwa mshahara ule ule. Kutambua kwake ile hali hakukutoka kwetu, alimuuguza bibi yake kijijini. Safari hii tulimpeleka kliniki, muuguzi akamkalisha chini. Ile chupa ya dawa huviringishwa viganjani, haitikiswi. Isiingie kwenye friza, ikiganda imeharibika. Ikishafunguliwa, wiki nne hivi basi. Sindano isichomwe sehemu moja kila siku, panafanya uvimbe na dawa haiingii vizuri. Maji ya moto ya kumkanda miguu yapimwe kwanza kwa kiwiko, na si cha Mama. Daftari lipo juu ya friji, kila namba inaandikwa.

Na miguu inakaguliwa kila jioni. Wiki ya pili tu binti alikuta kidonda katikati ya vidole, Mama hakuwa amesikia maumivu hata chembe. Mngekigundua lini ninyi mnaorudi saa tatu?

Mshahara tukauongeza. Baba Junior alibisha siku mbili, nikamwambia apige hesabu ya kulaza mgonjwa siku moja, akanyamaza. Jumapili binti anapumzika, na zamu ni ya mwenye mama. Jumapili ya kwanza alimtoboa mama yake kidole akiwa amefumba macho!

Hatuko peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wengi wa waliokuwa wakubwa katika kundi lile, leo ndio wazazi tunaowaandalia vyumba.

Ngumu kuliko sindano ilikuwa saa ya kula. "Nile kabla ya mwanangu, kwani mimi mgeni?" Tulibishana siku nyingi. Tukakubaliana: anakula saa moja na nusu, mwanawe akiingia anaketi naye na kikombe cha chai ya rangi bila sukari. Siku hizi Baba Junior anawahi kidogo. Sijauliza kwa nini.

Jumamosi iliyopita saa tano akanuna. Mbio nikaleta mashine. 7.8.

"Sukari iko sawa, Mama."

"Najua iko sawa. Leo nimenuna kwa hiari yangu. Nani kakupa ruhusa ya kugawa sufuria langu la Lushoto?"