Ni nani aliyegusa baiti hii?

Kitivoni kwetu, ukitaja mémoire, kila mtu hufikiri kazi ya kuhitimu. Mimi hapa nazungumzia kumbukumbu ya mashine, ambamo nilipotea wiki nzima nikitafuta neno moja.

Rafiki yangu alitunga mchezo mdogo wa Game Boy, mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 1989. Maandishi yake ni ya Kifaransa. Programu aliyoiandika imepotea. Imebaki faili ya namba tupu. Nilitaka kuutia mchezo huo Kiswahili. Nilitafuta CLEF ndani ya faili, sikuipata. Kumbe Game Boy haina alfabeti yake. Kioo chake kina vigae 20 kwa 18, na kila mtunzi huchagua mwenyewe namba ya kigae kinachochora C.

Hapo ndipo emuleta iliponisaidia. Emuleta ni programu inayoiga mashine nyingine: huchukua amri za mchezo moja moja na kuzitekeleza. Kwa hiyo kila kusoma na kila kuandika katika kumbukumbu hupitia mikononi mwake. Ukiiagiza isimame anwani fulani ikiguswa, itasimama.

Nilianzia kwenye kioo. Ramani ya vigae huanza kwenye anwani 9800, kwa hesabu ya msingi wa 16. Nilitega mahali CLEF inapochorwa. Mchezo uliposimama, niliona amri iliyoandika, na anwani ilikochota namba zake. Neno lilikuwa huko: 3, 12, 5, 6.

Nikaandika UFUNGUO. Herufi saba mahali pa nne! Tatu za ziada zikafuta alama ya mwisho na mwanzo wa neno la pili. Nikarudi kwenye orodha ya anwani zilizosomwa. Kabla tu ya herufi ya kwanza, mchezo ulisoma baiti mbili ambazo, zikiunganishwa, ni anwani ya neno lenyewe. Basi nikairudisha CLEF mahali pake, nikaandika UFUNGUO penye nafasi tupu, nikabadilisha baiti hizo mbili tu. Mlango ukafunguka kwa Kiswahili.

Sisi wanaisimu tusishangae. Baiti 3 ikisomwa na amri ya kuchora ni C. Ikisomwa na amri ya kuhesabu, ni tatu. Vivyo hivyo "kaa": ni mnyama, ni la moto, au ni amri ya kuketi? Mpaka tuone sentensi.