Nyuzijoto 52.9 Delhi: Kwa nini ramani ya hali ya hewa huonyesha joto ambalo halipo?

Mchana wa Mei 29, 2024, watu waliokuwa wakifuatilia ramani za hali ya hewa kwenye simu zao walishtuka. Kituo cha Mungeshpur, pembezoni mwa jiji la Delhi nchini India, kilikuwa kinaonyesha nyuzijoto 52.3. Baadaye namba ikapanda hadi 52.9.

India ilikuwa haijawahi kurekodi joto kama hilo. Rekodi ya nchi nzima ni nyuzijoto 51, iliyopimwa mwaka 2016 huko Phalodi, mji wa jangwani katika jimbo la Rajasthan. Haikuchukua muda, picha za skrini zikawa zimezunguka dunia nzima.

Lakini waliotazama namba za jirani waliona jambo la ajabu. Vituo vingine vya Delhi siku hiyo vilionyesha kati ya nyuzijoto 45.2 na 49.1. Kituo cha Safdarjung, ambacho ndicho kinachotegemewa zaidi jijini, kilionyesha 46.8. Hewa husambaa na kuchanganyika, kwa hiyo si rahisi mtaa mmoja uwake moto peke yake huku mitaa inayouzunguka iko chini kwa nyuzijoto kadhaa.

Siku hiyohiyo Idara ya Hali ya Hewa ya India ilisema huenda kuna hitilafu kwenye kifaa au kuna kitu katika mazingira ya kituo, na kwamba inachunguza.

Uchunguzi wenyewe haukuwa na mambo mengi. Wataalamu walikwenda na kipimajoto kilichohakikiwa, wakakiweka pale pale kituoni, kisha wakalinganisha. Kumbe kihisi cha Mungeshpur, yaani kile kijipande kinachopima joto, kilikuwa kinaongeza takriban nyuzijoto 3 kwenye joto la juu la siku. Kituo kingine, cha Nagpur katikati ya India, kilionyesha nyuzijoto 56 siku iliyofuata. Nacho kikakutwa na kasoro.

Hapa ndipo wengi walipochanganyikiwa. Kipimo kikishakosewa, mtu anaona habari nzima ni uongo. Lakini 52.9 ukitoa 3 unabaki na 49.9, na hilo bado ni joto la kuua mtu. Siku hiyohiyo matumizi ya umeme Delhi yalivunja rekodi kwa kufikia megawati 8,302, kwa sababu feni na viyoyozi vilikuwa vinazunguka bila kupumzika. Mjenzi aliyekuwa juu ya paa au dereva wa bajaji hakuwa na nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba kihisi kimekosea.

Sasa, kwa nini kihisi kimoja kiwashtue watu hadi ng'ambo ya bahari?

Sababu ni jinsi ramani zinavyochorwa. Rangi unazoziona kwenye simu hazikupimwa kila mahali. Kompyuta inachukua namba za vituo vichache, halafu inakadiria yaliyo katikati. Kituo kimoja kikidanganya, rangi nyekundu inasambaa kukizunguka kama doa la mafuta kwenye shati. Delhi ina vituo vingi, hivyo doa lilionekana upesi kwamba halilingani na majirani. Mahali ambapo kituo cha karibu kiko mbali sana, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, doa kama hilo linaweza kufunika wilaya nzima na pasiwe na jirani wa kulisuta.

Si kila mara kifaa ndicho chenye kosa. Wakati mwingine ni karani, au programu. Novemba 2008, taasisi ya NASA ya Marekani ilitoa ramani ya joto la dunia ya mwezi Oktoba, na Urusi ikaonekana kama inaungua. Watu wa kawaida wanaopenda kukagua takwimu waliingia kwenye namba zenyewe na kukuta kwamba vituo vingi vya Urusi vimepewa namba za Septemba kwa mara ya pili. Oktoba Urusi inaelekea kwenye baridi kali, hivyo joto la Septemba likiwekwa hapo lazima lionekane la kutisha. NASA ilirekebisha ramani ndani ya siku chache.

Yapo na makosa madogo ya kuchekesha. Kwenye mafaili mengi ya takwimu, pasipokuwa na kipimo huandikwa -9999. Programu isiyojua hilo inaweza kuisoma kama baridi ya kweli. Na 32 ya Fahrenheit, ambayo ni sifuri ya Selsiasi, ikisomwa vibaya inageuza barafu kuwa mchana wa Dar es Salaam.

Halafu kuna mkanganyiko ambao si kosa la mtu yeyote. Juni 2021 ilisambaa ramani ya Siberia, upande wa Urusi ulio karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ikionyesha nyuzijoto 48. Namba ilikuwa sahihi, ila lilikuwa joto la ardhi lililopimwa na satelaiti kutoka angani. Joto linalotajwa kwenye utabiri ni la hewa, linalopimwa kivulini, kwenye kisanduku cheupe chenye matundu, kama mita moja na nusu au mbili kutoka chini. Katika mji mmoja wa huko, Saskylah, ardhi ilikuwa na nyuzijoto 37 wakati hewa ilikuwa na 31.9. Aliyewahi kutembea peku kwenye mchanga wa pwani saa saba mchana haitaji kuelezwa zaidi.

Ramani nyingine hazipimi kabisa, zinakokotoa. Programu nyingi za simu hutumia mahesabu ya kompyuta kubwa za Ulaya au Marekani, ambazo hugawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hadi 13 hivi. Mlima Kilimanjaro ukiingizwa kwenye mraba kama huo unachanganywa na miteremko yake, na kilele cha mita 5,895 kinapotea. Tuseme mraba una wastani wa mita 4,000. Joto hupungua kwa takriban nyuzijoto 6.5 kila unapopanda kilomita moja, kwa hiyo simu inaweza kuonyesha Uhuru kuna joto zaidi ya uhalisia kwa nyuzijoto 12. Baadhi ya programu husahihisha tofauti hiyo, nyingine haziisahihishi. Mpanda mlima anayefungasha nguo kwa kufuata simu tu anaweza kujuta usiku wa kilele.

Kwa hiyo ukiona namba ya ajabu, gusa pale kwenye ramani uone imetoka wapi: kituo, satelaiti au hesabu ya kompyuta. Kisha tazama majirani zake.

Lakini majirani nao huweza kuthibitisha maajabu. Machi 18, 2022, ramani zilionyesha Antaktika, bara la barafu, likiwa na doa jekundu katikati. Kituo cha Concordia, kinachoendeshwa na Ufaransa na Italia juu ya barafu kwenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, kilirekodi nyuzijoto 11.8 chini ya sifuri. Kwa kawaida wakati huo wa mwaka huwa kwenye 50 hivi chini ya sifuri. Tofauti ya karibu nyuzijoto 40! Mtu yeyote angesema kihisi kimekufa.

Zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo kuna kituo cha Urusi kiitwacho Vostok, chenye vifaa vyake na watu wake. Siku hiyohiyo nacho kilionyesha nyuzijoto 17.7 chini ya sifuri, na kuvunja rekodi yake ya mwezi Machi kwa karibu nyuzijoto 15. Hapakuwa na kifaa kibovu: mkondo mkubwa wa hewa yenye unyevu na joto ulikuwa umevuka bahari kutoka upande wa Australia na kuingia hadi ndani kabisa ya bara hilo.