Nafuu Si Kupona

Akina mama wa Shinyanga na Geita, tukiona choo chenye damu hukimbilia duka la dawa kununua ya amiba. Wengine huwaza kichocho cha tumbo, ambacho kando ya Ziwa Victoria ni kingi. Lakini damu ikirudi baada ya tiba, tuombe rufaa ya Bugando, Mwanza, utumbo mpana uchunguzwe kwa kamera. Huenda ni kolaitisi: vidonda vya utumbo mpana, visivyoambukiza wala kuletwa na uchawi. Dawa zake huvituliza na kuvizuia visiamke tena. Basi tukipata nafuu, hata tukiwa wajawazito, tusiziache bila kumwuliza daktari. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki tuviepuke. Nawe dada, damu ikizidi pamoja na homa, usingoje kesho.